Kuwaazima wageni viatu vya usalama kiwandani: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Mimi ni afisa usalama katika karakana kubwa ya vyuma hapa Tanga. Mwaka huu uongozi unataka wananchi waje kutembelea karakana katika wiki ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, 28 Aprili. Tunatarajia watu kama mia tatu kwa siku moja: wanafunzi wa sekondari, wazazi, wazee wa mtaa, waandishi wa habari na mgeni rasmi kutoka wilayani. Nimepewa kazi ya kusimamia meza ya kuazima viatu vya usalama hapo getini. Stoo nina jozi kama 150, nyingi hazijavaliwa tangu ziletwe. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, anzia stoo. Kabla ya meza na kabla ya bango, zitoe nje zile jozi ambazo hazijavaliwa tangu ziletwe uzitazame kwenye mwanga, kwa sababu hizo zinanitia hofu kuliko zilizochakaa.

Mabuti mengi ya kazi yanayouzwa kwetu yana soli ya poliyurethani, ile nyepesi inayobonyea kidogo ukiikanyagia. Adui yake mkubwa ni unyevu. Mvuke wa hewani huingia ndani ya soli taratibu na kuvunja minyororo ya kemikali inayoishikilia, na joto huharakisha uharibifu huo. Sasa fikiria stoo ya bati pale Tanga, mwendo mfupi kutoka baharini. Kiatu kinaweza kukaa ndani ya boksi lake, ngozi inang'aa, kamba hazijawahi kufungwa, kumbe soli imeshaoza. Mgeni anakivaa, anatembea kidogo, na soli inamomonyoka vipande akiwa katikati ya karakana, pengine kwenye ngazi. Watengenezaji wengi wa viatu vya soli hii hawashauri vikae zaidi ya miaka mitatu hadi mitano tangu vitengenezwe, hata kama havijavaliwa. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwenye kiatu chenyewe, mara nyingi ndani ya ulimi au chini ya soli. Isome jozi moja moja.

Usiishie kwenye tarehe. Shika buti kwa mikono miwili, likunje pale vidole vinapokunjikia mtu anapotembea, huku ukitazama ubavu wa soli. Kisha ibonyeze soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikionyesha nyufa nyembamba, ikinata, ikiacha unga mkononi, au alama ya ukucha ikibaki bila kurudi, jozi hiyo haiendi mezani. Angalia pia kama pua ya chuma, yaani ile kinga ngumu iliyofichwa mbele juu ya vidole, imebonyea au imechungulia nje ya ngozi. Jozi utakazozikataa, zipasue ulimi na soli kwa kisu kabla hazijatoka getini. Zikitupwa zikiwa nzima zitaokotwa, zitapigwa kiwi na kuuzwa mtaani, na fundi ujenzi atazinunua akiamini zitamlinda.

Zitakazobaki, zitenge kwa alama zake. Kiatu cha usalama kilichotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 kina pua iliyojaribiwa kwa pigo la jouli 200, yaani kama kilo 20 zikidondoka kutoka kimo cha mita moja hivi, na kwa mgandamizo wa kilonyutoni 15, ambao ni karibu uzito wa tani moja na nusu. Alama ya SB ni ya msingi tu. Ukiona S1P au S3, maana yake soli ina tabaka la kuzuia msumari usipenye. Kwenye karakana yenye vipande vya vyuma na vyuma vya kukatwa sakafuni, hizo mbili ndizo unazozitaka. Kiatu chenye alama ya ISO 20347 kinafanana kabisa na vingine kwa nje lakini hakina pua ya kinga. Kikiwemo stoo, kiondoe kwenye rundo, kwa sababu siku ya kazi hakuna atakayekuwa na muda wa kusoma maandishi madogo.

Utaulizwa, na huenda muulizaji akawa mwanafunzi mwerevu wa kidato cha nne, kama ni kweli kwamba pua ya chuma ikipondwa hukata vidole. Mjibu bila kuzunguka: mzigo wenye nguvu ya kuiponda pua hiyo ungeponda mguu mtupu vibaya zaidi.

Sasa niseme neno ambalo uongozi wako huenda usilipende. Usipange kuwavisha mabuti watu mia tatu. Buti la usalama ni zito na gumu, na jozi moja inaweza kuzidi kilo moja. Mtu aliyezoea ndala au makubazi, ukimvika ghafla buti lisilomtosha sawasawa, umemwondolea hatari ya kitu kumdondokea mguuni na kumpa hatari ya kujikwaa. Katika ziara ya wageni hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa sababu wageni hawabebi mizigo, kazi yao ni kutembea na kushangaa. Anayeshangaa hatazami chini.

Kwa hiyo igawe karakana. Sehemu kubwa ya ziara ipite kwenye njia ambayo haihitaji buti: njia iliyochorwa, yenye uzio wa kweli na si utepe wa plastiki, mbali na krini ya kunyanyulia mizigo, mbali na mashine za kukata na kusaga. Kwa siku hiyo krini isinyanyue chochote juu ya vichwa wala karibu na njia ya wageni. Hapo mgeni anahitaji kiatu cha kufunika mguu tu, raba au kiatu cha shule. Kisha tenga eneo dogo la ndani, kama sehemu ya kuunganisha vyuma, ambako watu wachache wataingia kwa zamu wakiwa na buti, kofia ngumu na miwani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inakutaka umlinde pia asiye mwajiriwa wako anayeguswa na shughuli zako, na ulinzi wa kwanza ni kuiondoa hatari njiani. Kiatu ndicho kinga ya mwisho, pale nyingine zote zinapokuwa zimefanya kazi yake. Na usitegemee ile karatasi ya kumsainisha mgeni kwamba anaingia kwa hiari yake. Haitakuokoa kama umemwazima kiatu kibovu.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiingiza watu 12 kila zamu, zamu sita kwa siku, unavisha watu 72. Tuseme baada ya ukaguzi umebaki na jozi 110 nzuri. Hapo kila mtu anavaa jozi ambayo hakuna mwingine aliyeivaa siku hiyo, na bado una akiba ya saizi. Hutalazimika kumpa mtu buti lenye joto na jasho la aliyetangulia. Nitarudi kwenye jasho.

Saizi ndiyo itakayokuumiza kichwa kuliko yote. Stoo za karakana hununuliwa kwa kufuata miguu ya wafanyakazi, na karakana nyingi zimejaa wanaume, kwa hiyo utakuta rundo la 41 hadi 44. Wageni wako ni wanafunzi na akina mama. Saizi 36 hadi 39 ndizo zitakazoisha mapema. Waulize walimu na viongozi wa mtaa wakuletee saizi pamoja na majina ya watakaoingia ndani, na mapema uazime mabuti madogo kutoka viwanda jirani, kwa maandishi, ukiyakagua kama ulivyokagua ya kwako. Usimpe mtu mwenye mguu wa 37 buti la 40 ukamwongezea soksi. Mguu utateleza ndani, kisigino kitapanda na kushuka, na pua ya chuma itabaki mbele ya vidole ikitafuta pa kukwaa.

Wengine watakutajia saizi ya Kiingereza, wengine ya Ulaya, wengine hawajui kabisa kwa sababu viatu vyao wanavinunua mtumbani kwa kujaribu. Andaa ubao wa kupimia. Gonga kibao kwenye ukingo mmoja kiwe mahali pa kisigino, kisha chora sentimita. Mgeni asimame juu yake kwa uzito wake wote, akiwa amevaa soksi, na umpime miguu yote miwili, ufuate ule mrefu zaidi. Chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, zidisha mara 1.5: utapata saizi ya Ulaya kwa makadirio mazuri. Mguu wa sentimita 24 ni 38, wa sentimita 26 ni 41. Andika saizi kwa rangi nyeupe, tarakimu kubwa, nyuma ya kila kisigino, na funga kamba za jozi pamoja ili kulia na kushoto visiachane.

Akishavaa na kufunga kamba, asimame. Vidole visiguse pua. Kisha atembee. Weka ubao wa mteremko pembeni ya meza, apande na kushuka. Vidole vikigonga mbele anaposhuka, ongeza saizi. Kisigino kikinyanyuka, punguza au kaza kamba. Usimuulize tu kama kinamtosha, kwa sababu mgeni mwenye adabu atakujibu kinamtosha hata kama kinambana mpaka machozi. Mtazame anavyotembea.

Kuhusu zile kofia za chuma za kuvaa juu ya kiatu chako, zenye mkanda wa kufunga kisigino: ni nzuri, chache ziwepo, lakini zinakaa juu ya kiatu kilichofunika mguu tu. Usizifunge juu ya ndala, juu ya mchuchumio, wala juu ya kiatu chenye soli laini inayoteleza. Hazizuii msumari kutoka chini, na kwenye ngazi zinakwaza. Mwenye kuzivaa abaki sakafu ya chini.

Nije kwenye usafi. Vijimbegu vya fangasi vya miguu vinaweza kukaa hai ndani ya kiatu kwa miezi, na hali ya hewa ya Tanga mwezi Aprili, katikati ya masika, inavipa kila kitu vinavyopenda. Kuna watu watakuambia upulize spiriti ya asilimia 70 ndani ya buti kisha umpe anayefuata. Puliza, ni vizuri, lakini spiriti haimalizi kila kijimbegu, na kiatu kilicholowa dawa bado kimelowa. Kinachobeba mzigo ni soksi na ukaukaji. Nunua soksi za pamba kwa dazeni, mpya, na umpe kila anayevaa buti jozi moja aondoke nayo. Bei yake kwa jumla ni ndogo ukilinganisha na kufua na kuhesabu soksi baadaye, na mgeni anaona ameheshimiwa. Mifuko ya nailoni ya kuvaa mguuni iache: inateleza ndani ya kiatu na inafuga jasho.

Mabuti ya ngozi usiyaoshe kwa Jik, yatakauka na kupasuka. Kama una mabuti ya mpira yenye pua ya chuma, hayo yanastahimili. Yaoshe kwa sabuni kwanza, kisha maji ya klorini ya asilimia 0.5, halafu yasuuze. Soma kwenye chupa nguvu ya dawa uliyonunua kabla ya kuizimua, chupa zinatofautiana.

Mpangilio wa meza uwe wa njia moja. Wageni waingie upande mmoja, wakae kwenye benchi lenye mkeka chini, wapimwe, wapewe soksi, wavishwe, watembee kwenye mteremko, watoke upande wa pili. Wanaorudi wasipite tena hapo. Wawe na meza yao, na mabuti yaliyovaliwa yaende moja kwa moja kwenye kreti lililoandikwa YAMEVALIWA. Meza ikiwa moja, ndani ya saa moja hutajua lipi ni safi. Wahudumu wanne wanatosha kwa zamu ya watu 12, na zamu inayofuata ianze kupimwa wakati iliyotangulia ingali ndani. Basi la shule likifika lote mara moja, wapeleke wengine kwenye njia ya nje kwanza, usiwaache wajazane mezani.

Wahudumu wawe wa kike na wa kiume. Mama aliyevaa baibui asilazimike kunyoosha mguu mbele ya kijana wa kiume amfunge kamba. Weka pazia na benchi la pembeni. Mzee akija, mhudumu amwamkie, apige goti na kumfunga kamba mwenyewe, maana wengi hawawezi kuinama na hawatasema. Baibui refu na kanzu vikikutana na buti zito vinakanyagika, kwa hiyo mwenye vazi linaloburuta atumie njia ya nje, au akunje na kufunga vizuri. Sehemu ya kuunganisha vyuma asiingie mtu mwenye vazi la nailoni au poliesta, kwa kuwa cheche huyeyusha nguo hiyo na kuigandisha kwenye ngozi. Na suruali ivaliwe juu ya buti, isichomekwe ndani, cheche isipate mahali pa kutumbukia.

Dhamana isikusumbue. Usishike vitambulisho vya watu. Kikipotea kimoja umejiletea kesi, na hakuna sababu ya kurundika vitambulisho vya Taifa kwenye boksi la kiatu. Viatu vya mgeni mwenyewe ndivyo dhamana: viingie kwenye mfuko wenye namba, apewe kadi ya namba hiyo hiyo, na namba ya buti iandikwe daftarini. Kila aliyetoka msikitini Ijumaa akakuta makubazi yake yameondoka na mwenzake anajua kwamba viatu hupotea kwa kuchanganyika zaidi ya kuibwa. Mifuko isikae chini ya benchi, ikae kwenye rafu nyuma ya mhudumu.

Sasa wale wa kutowapa buti kabisa. Hapa naomba uwe na msimamo, na uongozi ukupe mamlaka kwa maandishi. Mwenye kidonda mguuni asivae. Mwenye kisukari, hasa anayesema miguu yake imekufa ganzi, asivae kiatu cha kuazimwa: kinaweza kumchubua asihisi, na kidonda kidogo kikamgharimu mguu. Weka bango la maneno machache kuhusu kisukari na vidonda penye usajili, ili mtu ajitambue mwenyewe bila kuhojiwa mbele ya watu. Watoto ambao miguu yao iko chini ya saizi ndogo uliyonayo wabaki njia ya nje. Huku Pwani matende bado yapo, na mwenye mguu uliovimba asipelekwe mezani ajaribishwe buti baada ya buti huku watu wakitazama. Mhudumu amwalike kwa upole kwenye njia ya nje, na njia hiyo iwe imeandaliwa vizuri kiasi kwamba hakuna anayejihisi amenyimwa: awepo fundi hodari wa kueleza, viwepo vipande vya kazi vya kushika mkononi, na viti.

Mgeni rasmi ni mtihani wako mkubwa. Atakuja na moka zilizong'arishwa na msafara nyuma yake, na mtu wa itifaki atakunong'oneza kwamba mheshimiwa ana haraka. Akipita na moka, hutaweza tena kumwambia mwanafunzi wala mzee yeyote avae buti. Siku chache kabla, piga simu ofisini kwake, uliza saizi, andaa jozi mpya yenye tarehe nzuri, na mwombe msaidizi wake amweleze mapema kwamba picha ya mheshimiwa akifunga kamba za buti ndiyo itakayobeba ujumbe wa siku. Kwa uzoefu wangu, wakiambiwa mapema hawakatai. Wanaokataa ni wanaoshtukizwa mlangoni. Msafara nao uhesabiwe ndani ya zamu ya watu 12.

Wapiga picha wape mtu wa kuwaongoza. Hao hutembea kinyumenyume, jicho kwenye kamera, na buti hata liwe zuri namna gani halimwoni aliye nyuma yake.

Jioni, kabla hujachoka kabisa, toa soli za ndani, fungua kamba na ulimi, weka magazeti ndani, na upange mabuti kwenye rafu penye upepo, yasigusane. Kwa kuwa ni masika, usitegemee jua. Hata likiwepo, jua kali hukausha ngozi ikapasuka. Feni moja kubwa kwa siku mbili itafanya kazi nzuri zaidi. Badilisha magazeti asubuhi. Yakikauka, pulizia dawa ya fangasi, yaache tena yakauke, ndipo uyarudishe stoo, juu ya rafu na mbali na sakafu ya zege, uandike kwenye boksi tarehe ya kutengenezwa na tarehe yalipovaliwa.

Na daftari la siku hiyo litunze. Litakuonyesha saizi zilizoisha na saizi zilizolala, ili ununuzi ujao ufuate miguu iliyokuja. Kuna jambo moja litakalojitokeza wiki inayofuata: mtu wa ununuzi atapendekeza mabuti ya wageni wagawiwe vibarua wapya, kwa kuwa yapo. Kataa. Kibarua anavaa buti siku nzima, kila siku, na anastahili jozi yake mwenyewe, iliyopimwa kwa mguu wake, ambayo hakuna mwingine anayeivaa. Haya ya wageni yabaki ya wageni, kwenye kabati lake, kwa ufunguo wako.